Fleti ‘erevu’: Teknolojia ipi ni ya manufaa na ipi ni pambo tu?

KILA mwisho wa juma katika mitaa ya Kilimani, Kileleshwa na Westlands jijini Nairobi, watu wanaotafuta makao ya kununua huongozwa kutoka fleti moja ya maonyesho hadi nyingine.

Wakala hufungua mlango kwa kidole badala ya ufunguo. Akiisha kuingia, hutamka neno moja na taa zikawaka. Hutamka la pili, mapazia yakajisogeza yenyewe na jiji likaonekana lote dirishani. Jikoni, friji yenye kioo mfano wa runinga huonyesha hali ya anga na orodha ya vyakula vilivyomo ndani.

Mgeni hustaajabu, na aghalabu hapo ndipo maswali kuhusu bei, maji na upana wa vyumba hupoteza makali. Swali ambalo ni nadra kusikika katika ziara hizo ni jepesi mno: je, stima ikipotea, mlango huu utafunguka?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya fleti zinazoitwa ‘erevu’, methali hiyo ina uzito wa pekee, kwani teknolojia yenye manufaa makubwa zaidi katika jengo huwa imefichwa kwenye chumba cha pampu, nyuma ya lifti au chini ya meko. Hiyo haitembezwi. Inayotembezwa ni ile inayong’aa.

Tofauti hii si ya anasa pekee. Anayenunua fleti kwa mkopo hujifunga kulipa kwa miaka 15, 20 au hata 25. Kifaa cha kielektroniki kilichopandisha bei ya fleti hiyo huenda kisidumu hata robo ya muda huo.

Nini hasa maana ya nyumba erevu?

Kwa maelezo mafupi, nyumba erevu ni ile ambayo vifaa vyake vinaweza kutambua kinachotendeka, kupashana habari na kuchukua hatua bila mtu kugusa swichi.

Mfumo wa aina hiyo una sehemu nne. Ya kwanza ni vihisio, yaani vidude vidogo vinavyotambua moshi, gesi, maji, joto au mwendo wa mtu. Ya pili ni vifaa vinavyotenda kazi, kama vile kufuli, pampu, vali na balbu. Ya tatu ni mtandao unaoviunganisha, aghalabu waifai. Ya nne ni ubongo, yaani kompyuta inayopokea habari kutoka kwa vihisio na kuamua la kufanya.

Jambo ambalo mnunuzi anafaa kulijua kabla ya yote ni mahali ulipo ubongo huo. Katika mifumo mingine, umo ndani ya jengo lenyewe. Katika mingine, uko kwenye seva za kampuni fulani ng’ambo. Mwenye nyumba anapobonyeza simu yake ili kuwasha taa iliyo hatua mbili kutoka alipoketi, amri husafiri kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ikafika nchi ya mbali, kisha ikarejea kumwashia taa.

Safari hiyo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mradi njia iwe wazi. Lakini njia hiyo hufungika. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchini Kenya na katika mataifa jirani.

Nako kwenye seva mambo huharibika pia. Mnamo Oktoba 20, 2025, hitilafu katika vituo vya kompyuta vya kampuni ya Amazon nchini Marekani ilivuruga huduma nyingi kote duniani. Miongoni mwa waliotaabika ni watu waliokuwa wamenunua vitanda vinavyodhibitiwa kupitia intaneti. Baadhi ya vitanda hivyo vilikwama vikiwa vimeinuka upande mmoja, na vingine vikaendelea kupasha joto huku wenyewe wakishindwa kuvizima.

Na kabla ya kufika ng’ambo kuna stima ya hapa nyumbani. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, na hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ukaathirika. Nyumba inayostahili kuitwa erevu nchini Kenya ni ile iliyoundwa na mtu aliyekumbuka usiku kama huo.

Werevu usioonekana

Mfano wa kwanza wa teknolojia yenye faida ni ule wa maji. Mgao wa maji umekuwa sehemu ya maisha ya Nairobi kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo majengo mengi ya ghorofa huwa na tangi chini ya ardhi na jingine juu ya paa, huku pampu ikipandisha maji kutoka la kwanza hadi la pili.

Pampu hiyo ikiachwa kwa mlinzi aikumbuke, siku moja itaendelea kufanya kazi hadi maji ya paani yafurike na kumwagika usiku kucha. Siku nyingine itazunguka bila maji na kuungua. Kihisio kinachopima kina cha maji katika matangi yote mawili huwasha pampu wakati ufaao, huizima tangi likijaa, na hukataa kuiwasha ikiwa tangi la chini limekauka. Kinaweza pia kumtumia msimamizi ujumbe wa simu kwamba maji yaliyosalia ni ya siku moja.

Hakuna wakala anayempeleka mteja katika chumba cha pampu. Hata hivyo, kifaa hicho kimoja huwafaa wakazi wa jengo zima kuliko mapazia yote yanayojifungua.

Mfano wa pili ni lifti. Stima inapopotea, lifti isiyo na matayarisho husimama popote ilipo, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, ikiwa na mama mjamzito, mzee au mtoto aliyetoka shuleni. Kuna mtambo wa uokoaji wenye betri ambao hutambua kwamba stima imekatika, huisogeza lifti polepole hadi ghorofa iliyo karibu, kisha hufungua milango. Kazi yote hiyo hufanyika bila intaneti wala programu ya simu.

Jenereta ya jengo ni muhimu, lakini haichukui nafasi ya mtambo huo, kwani siku ya hitilafu jenereta nayo huweza kukataa kuwaka.

Mfano wa tatu ni gesi. Baadhi ya fleti mpya hupata gesi ya kupikia kupitia mabomba yanayotoka kwa mitungi mikubwa iliyowekwa nje, na nyingine hutumia mitungi ya kawaida jikoni. Katika hali zote mbili, kihisio cha gesi chenye king’ora, kilichounganishwa na vali inayojifunga gesi inapovuja, ni kifaa kinachoweza kuokoa maisha.

Lakini hata hapa kuna jambo la kukagua. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Inapovuja, haipandi darini bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni. Kwa hivyo, kihisio chake hufaa kuwekwa chini, karibu na sakafu. Kikiwa kimebandikwa juu ya dari kama kile cha moshi, basi fundi alikiweka kwa ajili ya macho ya wateja, si kwa ajili ya gesi.

Tofauti na hiyo ni hewa ya kaboni monoksidi inayotokana na makaa, ambayo haina rangi wala harufu na huchanganyika na hewa ya chumba kizima. Familia inayoingiza jiko la makaa ndani msimu wa baridi huhitaji kihisio chake mahususi. Kile cha gesi ya kupikia hakiitambui, na king’ora hakiondoi haja ya kufungua dirisha na kulitoa jiko nje.

Mfano wa nne ni mita za stima na maji za kila fleti. Jengo lililokuwa likigawanya bili kwa usawa lilimlipisha mjane anayeishi peke yake sawa na familia ya watu wanane. Mita inayosomeka kutoka mbali humwonyesha kila mmoja matumizi yake na kumpa dalili ya mapema kwamba bomba linavuja: maji yakiendelea kupita kwenye mita saa tisa usiku ilhali watu wote wamelala, kuna kasoro mahali fulani.

Hesabu ya taa na maji moto

Wauzaji wengi husifu taa zinazojizima kwa madai kwamba hupunguza gharama ya kawi. Hesabu ndogo yatosha kuyapima madai hayo.

Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila siku hutumia takriban yuniti 1.35 kwa mwezi. Balbu kumi za namna hiyo hutumia yuniti 13.5. Tuseme taa erevu zinajizima mapema kiasi cha kuokoa saa moja katika kila tano. Familia itakuwa imeokoa yuniti 2.7 kwa mwezi.

Ila balbu erevu hailali kabisa. Hata inapokuwa imezimwa, huendelea kusikiliza amri, na balbu inayotumia nusu wati katika kusubiri huko itamaliza karibu thuluthi moja ya yuniti kwa mwezi. Balbu kumi zitakula takriban yuniti tatu. Kilichookolewa kimeliwa chote, na bei ya kununulia balbu bado haijahesabiwa.

Sasa tazama hita ya maji. Tangi la maji moto linaloachwa likiwa limewashwa mchana kutwa hupoteza joto polepole, likajiwasha tena kila linapopoa. Hasara hiyo yaweza kufika yuniti moja hadi mbili kwa siku, yaani kati ya 30 na 60 kwa mwezi. Tukichukulia kwamba yuniti moja ni Sh30, hizo ni Sh900 hadi Sh1,800 kila mwezi kwa maji ambayo hakuna aliyeyaoga.

Swichi yenye saa, inayoiwasha hita alfajiri na jioni pekee, huziba sehemu kubwa ya mwanya huo. Haihitaji intaneti wala sauti ya mtu. Pale ambapo jengo lina mitambo ya kupasha maji joto kwa jua, faida huwa kubwa zaidi.

Funzo hapa ni kwamba akili ya mashine yafaa kuelekezwa mahali penye matumizi makubwa. Kuweka ubongo kwenye balbu na kuisahau hita ni sawa na kuajiri bawabu wa kulinda kabati huku lango likiachwa wazi.

Pambo la jikoni na sebuleni

Friji inayozungumza na intaneti si jambo geni. Kampuni ya LG ya Korea Kusini ilizindua friji ya aina hiyo mnamo 2000. Robo karne baadaye, familia nyingi bado hujua kwamba maziwa yamekwisha kwa njia ile ile ya zamani: kufungua mlango na kutazama.

Shida ya vifaa kama hivyo ni kwamba huongeza kazi badala ya kuipunguza. Ili friji itoe orodha sahihi ya vyakula, aghalabu sharti kuwe na mtu wa kuieleza au kuirekebisha kila mara. Fauka ya hayo, sehemu ya kupoesha vyakula huweza kudumu miaka 15, ilhali programu ya kioo chake hupitwa na wakati mapema zaidi.

Mapazia yanayojifungua nayo yana mahali pake. Kwa mtu mwenye ulemavu au mkongwe asiyeweza kuinuka kwa urahisi, pazia au taa inayotii sauti si mchezo. Ni uhuru wa kuishi bila kumwita mtu kila saa. Kwa mkazi mwenye mikono mizima, kifaa hicho hicho ni starehe tu. Si kosa kununua starehe, mradi mnunuzi ajue kwamba ndiyo anayoilipia.

Kuna pia werevu ambao haukuhitaji stima hata kidogo. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale, Mombasa, zilijengwa kwa kuta nene za matumbawe zinazochelewesha joto la mchana, na nyingi zina kiwanda au ua wa ndani unaoleta mwanga na hewa.

Kinyume chake, kuna fleti mpya ambazo ukuta wa kioo hutazama magharibi na kuota jua la alasiri moja kwa moja. Kisha mnunuzi huuziwa kiyoyozi kinachoendeshwa kwa simu ili kiondoe joto ambalo mchoraji wa ramani angeweza kulizuia kwa kivuli cha baraza.

Mlango: rafiki au mlinzi wa gereza?

Kufuli ya kielektroniki ni miongoni mwa vifaa vyenye manufaa na hatari kwa pamoja.

Manufaa yake ni dhahiri. Mwenye nyumba anaweza kumpa mfanyakazi wa nyumbani au fundi nambari maalumu ya kufungulia, kisha akaifuta kazi inapokwisha, bila kulazimika kubadilisha kufuli. Mtoto aliyesahau funguo shuleni hatangoja ngazini hadi jioni.

Hatari huanzia kwenye swali la stima. Kuna kufuli ambazo hufunguka stima inapokatika, kama zile zinazoshikilia mlango kwa sumaku ya umeme. Kuna nyingine ambazo hubaki zimefungwa. Kila aina ina mahali pake. Milango iliyo katika njia ya kukimbilia moto haina budi kuwaruhusu watu kutoka wakati wowote, stima iwepo au isiwepo. Nalo lango la nje lenye sumaku lisipokuwa na betri, kila giza linapoingia jengo zima hubaki wazi kwa wezi.

Kwa hivyo, kila mlango wa fleti wapaswa kufunguka kutoka ndani kwa mkono wa mtu bila kutegemea betri, kidole wala simu. Kwa nje, pawe na njia ya pili ya kuingia, na iliyo bora kuliko zote bado ni ufunguo wa chuma.

Madai hayo si ya watu wanaochukia maendeleo. Mtaani Hell’s Kitchen, jijini New York, wapangaji wa jengo moja walimshtaki mwenye jengo baada ya lango lao kuwekwa kufuli inayofunguliwa kwa programu ya simu. Miongoni mwao alikuwamo mzee wa zaidi ya miaka 90 aliyelemewa na teknolojia hiyo. Mnamo Mei 2019, pande hizo mbili ziliafikiana na wapangaji wakapewa funguo za kawaida. Miaka miwili baadaye, jiji hilo likaweka sheria ya kudhibiti habari ambazo majengo yenye milango kama hiyo hukusanya kuhusu wakazi.

Hoja ya pili ni siri za watu. Mlango unaohifadhi kumbukumbu hujua nani aliingia, saa ngapi, na ni usiku upi hakulala nyumbani. Kamera za langoni na zile zinazosoma nambari za magari hujua zaidi. Wanaorekodiwa si wenye fleti pekee bali pia wafanyakazi wa nyumbani, wageni na watoto, ambao aghalabu hakuna aliyewauliza lolote.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu alama za vidole na maumbile ya uso yanayotumiwa kumtambua mtu kuwa data nyeti. Mhusika ana haki ya kuelezwa matumizi ya habari zake, kuziona, kuzisahihisha na kudai zile za uongo zifutwe. Data za watoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Aidha, habari zikivuja kwa namna inayoweza kuleta madhara, aliyekuwa akizisimamia hana budi kuiarifu Ofisi ya Kamishna wa Data katika muda wa saa 72.

Sheria hiyo haiwahusu mabenki na kampuni za simu pekee. Usimamizi wa jengo unaokusanya vidole vya wakazi 200 nao una wajibu.

Hoja ya tatu ni usalama wa vifaa vyenyewe. Mnamo Oktoba 2016, kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka maelfu ya kamera na vifaa vingine vya intaneti duniani kwa kubahatisha nywila ambazo wenyewe hawakuwahi kuzibadilisha tangu vitoke kiwandani. Vifaa hivyo vilitumiwa kushambulia kampuni moja ya mtandao, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikatatizika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua kwamba vifaa walivyonunua kulinda nyumba zao vilikuwa vikitumikia wahalifu.

Umri wa kifaa na umri wa mkopo

Ukuta wa mawe haumhitaji aliyeujenga ili uendelee kusimama. Kifaa kinachotegemea seva kinamhitaji aliyekiunda kila siku.

Mnamo Mei 2016, kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Alphabet, ilizima huduma ya kifaa kiitwacho Revolv kilichouzwa kwa takriban dola 300 za Marekani ili kuunganisha taa, kufuli na vifaa vingine vya nyumbani. Waliokinunua walibaki na kiboksi cha plastiki kisicho na kazi. Aprili 2022, seva za kampuni ya Insteon zilizimika bila wateja kuonywa, na huduma ikarejea tu baada ya kundi la watumiaji kuinunua biashara hiyo.

Wakenya nao walionja funzo hilo kupitia mita za tokeni. Mita hizo huhesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993, na kompyuta yake iliundwa kuhesabu hadi dakika 16,777,216 pekee, yaani takriban miaka 32. Kikomo hicho kilifika Novemba 24, 2024.

Mita ambayo haingerekebishwa kwa kuingizwa nambari maalumu ingekataa tokeni mpya baada ya siku hiyo. Kampuni ya Kenya Power iliendesha kampeni ya kuwahimiza wateja wafanye hivyo mapema. Mita ndogo za aina hiyo ambazo wenye majengo huwawekea wapangaji zilihitaji marekebisho hayo pia.

Shughuli hiyo iliwezekana kwa sababu mita hizo hufuata kiwango kimoja kinachotambulika duniani, na kulikuwa na shirika lililo hai la kuwajibika. Mnunuzi wa fleti yafaa ajiulize: kompyuta iliyo ukutani mwake ikifikia kikomo chake, ni nani atakayempa nambari?

Njia moja ya kujikinga ni kuchagua vifaa vinavyofuata viwango vya pamoja badala ya lugha ya siri ya kampuni moja. Tangu 2022 pana kiwango kiitwacho Matter ambacho kampuni kubwa za teknolojia zilikubaliana kukitumia ili vifaa vya chapa mbalimbali viweze kuelewana. Njia nyingine ni kuhakikisha kwamba kila taa ina swichi ya kawaida ukutani, na kwamba fundi wa stima wa mtaani anaweza kukiondoa kifaa na kuweka cha kawaida bila kubomoa ukuta.

Nani hulipia werevu huo?

Teknolojia iliyo ndani ya fleti ni mzigo wa mwenye fleti. Iliyo langoni, kwenye lifti na katika chumba cha pampu ni mzigo wa wote.

Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, iliyochukua mahali pa ile ya 1987, inamwezesha mmiliki kupata hatimiliki ya fleti yake mwenyewe, huku maeneo ya pamoja yakisimamiwa na shirika linaloundwa na wamiliki wote. Shirika hilo ndilo huamua michango ya matengenezo.

Hapa ndipo mzozo huzaliwa. Mstawishaji huweka mfumo wa kisasa, huuza fleti zote, kisha huondoka. Wamiliki hujikuta wakidaiwa ada ya kila mwaka ya programu ya lango, ada ya kuhifadhi picha za kamera na malipo ya fundi wa kampuni moja pekee anayejua nywila kuu. Wasipolipa, lango halifunguki. Wakilipa, ada ya huduma hupanda kila mwaka.

Ili kuepuka hali hiyo, wamiliki wanahitaji kukabidhiwa mambo matatu kabla mstawishaji hajajitoa: michoro ya mfumo mzima, nywila kuu zote, na nakala za mikataba inayoonyesha ada, muda wake na jinsi ya kuivunja. Nywila hizo nazo zibadilishwe siku ile ile ya makabidhiano. Shirika la wamiliki lisilo na nywila za jengo lake ni mpangaji katika mali yake lenyewe.

Jaribio la swichi kuu

Mtu anayetaka kununua fleti hahitaji kuwa mhandisi ili kutenganisha kifaa cha manufaa na pambo. Anahitaji maswali machache, na ujasiri wa kuyauliza huku wakala akiendelea kutabasamu.

Kifaa hiki kinatatua shida gani ambayo tayari ninayo? Ubongo wake uko ndani ya jengo au ng’ambo? Intaneti ikikatika, bado kitafanya kazi yake kuu? Kuna ada ya kila mwezi au mwaka, na baada ya mwaka wa kwanza itakuwa kiasi gani? Habari zangu zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuziona? Kikiharibika, vipuri vinapatikana nchini? Nikihama, nitazifutaje alama zangu za vidole, na aliyekuwa hapa kabla yangu alizifuta zake?

Majibu ya maneno, hata hivyo, hayatoshi. Kuna jaribio moja lisilogharimu hata senti. Mnunuzi amwombe wakala azime swichi kuu ya fleti na kuchomoa waya wa intaneti, kisha wakae humo dakika kumi.

Katika dakika hizo, ajaribu kutoka nje na kurudi ndani. Afungue madirisha na mapazia kwa mkono. Afungue mfereji aone kama maji yanatiririka. Aulize jinsi vali ya gesi inavyofungwa, na aifunge mwenyewe. Kwa lifti na lango, ambavyo swichi ya fleti haivigusi, aombe kuonyeshwa betri na rekodi ya mara ya mwisho zilipojaribiwa.

Jengo litakalofaulu jaribio hilo lina werevu wa kweli, hata kama balbu zake ni za kawaida na friji yake ni bubu. Wakala atakayekataa kuizima swichi kuu naye atakuwa amejibu swali, kabla mnunuzi hajatia sahihi.